Somo la Blanketi la Tatu

Mkoa wetu ulipokuwa bado mchanga, afisa mazingira mmoja kijana alikuja kijijini kwetu Mogitu kutueleza kwa nini dunia ina joto. Ilikuwa Julai, upepo unashuka kutoka mlimani, naye amevaa shati la mikono mifupi.

Alipoona maneno hayatoshi, alimwendea mfugaji mmoja aliyeketi mbele. "Shikamoo, mzee. Naomba blanketi lako niwaonyeshe jambo."

"Marahaba. Utalirudisha?"

"Sasa hivi."

Akajifunika. "Hewa iliyoizunguka dunia ni kama hili. Inazuia joto lisipotee lote. Bila hiyo tungeganda." Kisha akaazima la pili, na la tatu, kwa waliokaa jirani. "Moshi wa viwanda, magari, misitu tunayochoma, vyote vinaongeza mablanketi. Ubaya ni kuzidisha."

Mzee alikuwa amekumbatia magoti, meno yanagongana. "Mwanangu, nimeelewa. Sasa punguza."

"Nakuja hapo, mzee. Kwanza, kuna maswali?"

"Swali ni hilo hilo."

Watu wakacheka. Mama mmoja akamuuliza kijana kama joto halijamzidi.

"Bado kidogo," akasema, akijikunja zaidi. "Hapa kwenu kuna baridi."

Tangu siku ile nasikia kwenye redio mataifa makubwa yakikutana kuhusu jambo hili. Waliojifunika mengi wanakubali kwamba yamezidi, halafu wanaomba muda wa kumalizia mada. Mzee wetu alilipata blanketi lake kwa sababu alilishika pembe, akamfuata kijana nalo hadi kwenye gari la mkoa, na hakuachia.