Mstari wa Martha

Mtaani kwao alijulikana kama Mama Majibu, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi alasiri alisukuma cherehani ukutani, akapanga viti katikati ya mabunda ya vitambaa, na watu wa kanisani wakaja kusoma Biblia. Ukimuuliza Kaini alimpata wapi mke, alikujibu huku anatia uzi kwenye sindano. Ukimuuliza kwa nini waovu wananenepa, alikujibu pia, na chai akakumiminia.

Kwa hiyo mdogo wake wa kiume alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, Mama Majibu hakutetereka. Alimshika mkono wifi yake pale kwenye korido ya hospitali, akamwambia, "Usilie, wifi. Nimeshaomba. Yesu anakuja, na huyu atatoka hapa kwa miguu yake." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, mbele ya watu. Wiki iliyofuata mgonjwa akatolewa amebebwa.

Tangu mazishi, wifi hakukanyaga tena kwenye kikundi. Mama Majibu aliendelea kufundisha, maana angefanyaje? Lakini kuomba peke yake kulimshinda. Akipiga magoti kando ya kitanda, sentensi moja ilimpanda kooni, nayo ilikuwa lawama tupu. Aliimeza, akalala. Aliogopa kwamba siku ikimtoka, imani yote itafumuka kama pindo lililokatwa uzi mmoja. Mume alishatangulia, mdogo wake ndiye huyo kazikwa. Akimkosa na Yesu, atabaki na nani?

Sasa kikundi kilikuwa kinasoma Yohana, sura baada ya sura, na ile ya Lazaro ilikuwa inakuja tu. Mama Majibu alitumia kila hila. Yule kipofu aliyeponywa aliwakalisha Jumamosi mbili nzima, mpaka muuza mayai akasema jamani, huyu mtu si ameshaona, tumwache aende nyumbani.

Hila zikaisha. Kikundi husoma kwa mzunguko, kila mtu mstari mmoja, na sheria yao ni kwamba mstari ukikufikia ni wako, humpi jirani. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe, enzi zile watu wakikwepa majina magumu. Basi Jumamosi hiyo akahesabu vichwa mapema, akajipimia kiti kama anavyompima mteja kiuno. Yeye angesoma pale Martha, dada yake Lazaro, anapotoka kumlaki Yesu, na Mariamu akibaki nyumbani. Mstari unaofuata, ule ambao Martha anamwambia Yesu kwamba angekuwepo ndugu yake asingekufa, ungemwangukia fundi saa, mzee wa sauti kavu ambaye angeusoma kama anayetaja bei ya mkanda.

Mzunguko ulikuwa umeshamkaribia, mara mlango ukasukumwa. Alikuwa wifi. Alisalimia kwa kichwa tu, akapita kati ya magoti ya watu, akakaa kwenye kigoda pekee kilichobaki, katikati ya muuza mayai na Mama Majibu. Muuza mayai akamaliza mstari wake, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuendelea. Wifi akasoma, taratibu, kwamba Martha alitoka na Mariamu akabaki ameketi nyumbani. Kisha wote wakamgeukia Mama Majibu.

Alianza. Alifika penye neno "Bwana", sauti ikakatika.

"Vipi, mama, herufi ndogo?" fundi saa akauliza, akimsogezea kioo chake cha kukuzia.

"Naziona, mzee. Ni mimi siwezi." Akafunga macho. "Wifi, nilikuambia anakuja. Nilikuambia mbele ya watu. Hakuja. Sijui kwa nini hakuja, na jibu sina."

Alingoja mtu aseme amekufuru. Kusema kweli, alikuwa anangoja kitu kibaya kuliko hicho: Yesu mwenyewe anyanyuke aondoke.

Fundi saa akarudisha kioo jichoni. "Basi tusome mbele," alisema. "Tuone huyu Martha alifukuzwa au vipi."

Wakasoma. Hakufukuzwa. Yesu alisimama palepale njiani akazungumza naye, wala hakumkemea. Kisha Mariamu naye akatoka akamwambia maneno yaleyale, analia, na Yesu akalia. Mama Majibu alikuwa amefundisha sura hii mara nyingi, na kila mara alikimbilia kaburini, kwenye jiwe linaloondolewa. Hapa njiani hakuwahi kusimama.

"Unajua kwa nini niliacha kuja?" wifi akamuuliza. "Ulikuwa na majibu kila kona. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kulia naye."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenijibu."

Muuza mayai alicheka kwanza. Kisha akacheka Mama Majibu mwenyewe, machozi yakimtiririka, na wifi akamfuta kwa kipande cha bitana alichookota sakafuni.

"Lakini wa Martha alifufuka siku ileile," wifi akasema. "Wetu je?"

"Wetu bado, wifi. Na mimi sijui kwa nini. Ila namngoja yeye, sina mwingine wa kumngoja."

Sala ya kufunga ilikuwa yake siku zote, ndefu, imenyooka kama pindo la sare. Safari hii aliinamisha kichwa, akashika mkono wa wifi, na ile sentensi akaiachia.

"Yesu, ungekuwepo, mdogo wangu asingekufa."

Hakuna kilichofumuka. Kifuani alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu ile korido ya hospitali, na akatambua kwamba tangu mazishi hii ndiyo mara ya kwanza anazungumza naye kweli. Basi akaendelea kumwambia, bila haraka, na wenzake wakamngoja mpaka chai ikapoa.