Picha ya Mke wa Kwanza

Nelima Mabonga, jirani yangu, amechapa ratiba za mazishi mjini Eldoret kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumpiga hadi Ijumaa ile.

Alhamisi jioni mwenye duka aliondoa kwenye kompyuta mfumo wa wizi, ulionakiliwa bila leseni, akaweka ule wa bure. Mimi mwenyewe niliusifu. Lakini mfumo huo haukuwa na aina ya herufi aliyotumia Nelima, ukaweka nyingine nene zaidi bila kumwambia neno. Mistari ikasukumana. Asubuhi alichapisha kazi aliyokwisha kuikagua jana yake, na katika nakala zote zilizokwenda mazishini, kijijini Chepsaita, jina la mke wa kwanza wa marehemu lilikaa chini ya uso wa mke wa pili.

Kaburini ngumi zilirushwa kabla ya sala kwisha. Kisha Kiplimo, kifungua mimba wa mke wa kwanza, akaja dukani na rungu.

“Mama, nani alikutuma umtukane mama yetu?”

“Hakuna, kijana wangu. Ni kompyuta.”

“Kompyuta inajua bibi za baba yangu?”

Akavunja skrini, kisha mkono wa Nelima.

Niliwaandikia watengenezaji wa mfumo ule wa bure: mfumo ukibadilisha herufi, umwonye mtu kabla hajachapisha. Ni ombi dogo mno! Wakajibu kwamba programu iko wazi kwa wote, basi tuirekebishe wenyewe.

Nilimsomea Nelima jibu hilo wodini. Aliinua mkono wenye plasta.

“Mwalimu, waulize kama nitairekebisha na huu.”