Salamu za Rut Njia ya Mbeya

Rut, mfinyanzi wa Lyulilo, alitembea maisha yake yote na vyungu kichwani, na hakupishana na mtu bila kumsalimu. Siku hiyo vyungu vyake vilikuwa vinapelekwa maonyesho Mbeya kwa Landrova ya bwana shamba. Alfajiri kifua kilimbana vibaya, kisha maumivu yakaisha yote, naye akawahi kupanda mbele. Kiti kilikuwa laini kuliko kitanda chake!

Tangu Kyela aliwasalimu wapita njia kwa sauti dirishani, "Ugonile!" Hakuna aliyeitikia. Hata kumtazama, hawakumtazama.

"Kiburi gani hiki leo?" alifoka. Hezekia, dereva, alikazia macho barabara.

Walipokaribia Tukuyu, ukungu ukatanda. Kwenye kona, mwanamke mwenye chungu kichwani alisogea kando, akapiga goti.

"Ndaga, Rut," aliitikia. "Umekuja."

Alikuwa Veronika, mwenzake wa safari za vyungu, waliyemzika masika yaliyopita.

"Hezekia, mwanangu, simamisha gari!"

Hezekia alivua kofia, akajifuta jasho, kisha akaiweka kwenye kiti cha pembeni, juu ya mapaja ya Rut. Kofia ikatua kitini.