Mwalimu Mpya wa Timu Ameniposa

(Mwenye kisa hiki ni msomaji wa ukurasa wetu. Jina lake na mtaa wake tunavijua sisi tu.)

Assalaam alaykum Bwana Mhariri, na nyinyi wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mjane, sina mtoto, nakaa Ng'ambo katika nyumba ya marehemu mume wangu. Nimetoka eda mwezi uliopita na tayari nimeletewa posa. Mwanamke mwengine angeshukuru Mungu akaanza kujisinga liwa mwilini kama biarusi. Mimi tangu posa ije silali.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa timu ya nchi. Nikisema hivyo tu wengi mmeshamjua, basi nisitirini. Tulipofungwa na wageni mabao matano hapa hapa Unguja, mashabiki walitoka uwanjani wakaja moja kwa moja kwetu. Walipiga madebe, wakarusha mawe juu ya bati, wakaimba maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mume wangu alikaa sakafuni nyuma ya mlango, mgongo kauegemeza pale. Nikamwambia aingie chumbani, akanijibu, "Niache. Wakichoka watakwenda zao." Hawakuchoka siku ile, wala iliyofuata. Yeye aliyekuwa haikosi sala ya jamaa, akawa hata msikitini haendi. Siku chache baadaye, baada ya alasiri, alishika kifua akaniangukia mapajani, na hakusema tena.

Mawe ningeyasahau. Lakini watu wale wale ndio waliogombania jeneza lake, kila mmoja anataka litue begani kwake. Walilia kweli, niliwasikia. Na siku ya hitima, pilau bado imo vidoleni, nikawasikia wanajadiliana nani apewe timu. "Apewe yule kijana wa Jang'ombe," mmoja akasema, "yule ana mapafu, hachoki!" Wakacheka.

Basi nikakaa eda yangu ndani, na chini ya dirisha langu ni baraza, na baraza halina eda. Kila jioni wanakuja kuzungumza mpira. Mkubwa wao ni fundi baiskeli wa mtaani petu, nitamwita Makame. Kijana wa Jang'ombe alipopewa timu, Makame alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Sasa tumepata mwalimu, yakhe! Mwalimu wetu anawakimbiza mpaka Kizimbani kwenye mikarafuu, wanarudi ndimi nje!" Mimi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani. Ndivyo alivyosema juu ya mume wangu mwanzo. Kwanza anakuwa "mwalimu wetu". Timu ikiyumba kidogo anakuwa "mwalimu wenu". Mwisho anakuwa "yule", na akishakuwa yule, mawe hayako mbali.

Jioni moja huyo mwalimu mpya mwenyewe alipita kutoa rambirambi, akaishia barazani. Mtu mmoja akajipendekeza, akamwambia, "Marehemu ndiye aliyetuharibia timu, wewe ndo unaitengeneza." Nikasikia sauti nisiyoijua, ya taratibu, inamjibu: "Mpira kanifunza yeye. Na hapa mnamtukania mlangoni kwa mkewe. Kama ni kutukana, nendeni mkatukane kwengine." Nikawasikia wanainuka, mmoja mmoja. Tangu mume wangu afe, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumtetea, na sifichi, moyo wangu ulikwenda kwake siku ile. Uso wake sijauona hata leo.

Alingoja nitoke eda, ndipo akamtuma shangazi yake. Bi mkubwa yule alikaa juu ya mkeka wangu, akanishika mkono. "Mwanangu kakutaka kwa heshima, Bi. Hana mke, hana makuu. Wewe sema tu."

Nilitaka kusema ndiyo pale pale. Lakini mimi mvua ikipiga bati naruka. Nikitaka kutoka nje, nikifika mlangoni nasogea pembeni nisimkanyage, maana kwangu mimi marehemu bado amekaa pale sakafuni. Nikamwambia shangazi, nenda kamwambie aache timu, nami nitaolewa naye kesho. Jawabu likarudi: timu anaipenda na mimi ananipenda, na ananiomba nisimlazimishe kuchagua.

Wiki iliyopita timu yetu ilitoka sare, bila bao. Jioni nikatega sikio dirishani. Makame akatema mate, akasema, "Mwalimu wenu huyu, mbona anacheza kama anaogopa?" Wallahi nikalifunga dirisha.

Juzi nikapita dukani kwa Makame. Aliponiona aliinuka, akajifuta mikono, akanisalimu kwa adabu zote. Mtu mwema yule, msidhani vyengine. Eda yangu yote alikuwa akinijazia mtungi wa maji nje ya mlango bila ya kuombwa.

"Nshasikia habari njema, Bi," akaniambia. "Tumefurahi. Timu ikirudi kutoka Bara na ushindi, harusi yenu tunaifanya sisi."

Nikamuuliza, "Na mkifungwa?"

Akacheka. Akainama kwenye baiskeli yake, akaendelea kutia pumzi gurudumu.

Timu inapanda meli wiki ijayo, na shangazi anataka jawabu kabla ya hapo. Nikikubali, nitakaa tena ndani nikisikiliza watu wanamwitaje mume wangu. Nikikataa, nimemtupa mtu ninayempenda kwa kosa ambalo hajalifanya.

Nishaurini, jamani. Na nyinyi mnaosoma hapa ndio hao hao mnaokwenda uwanjani, nakujueni. Kama kunishauri kunakushindeni, basi nijibuni lile Makame alilonyamazia: mkifungwa, mtamfanya nini?