Rimoti ya Mke Mwenzangu

Jerusha alikuja kwetu Kisegi akiwa hajui kuogelea, hajui Kijaluo, hajui hata kula omena, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa anang'oa vichwa anavipanga pembeni mwa sahani, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Leo omena ya ufuo huu inapita mikononi mwake, na wanawake wa Migori wanamwita madam. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hivyo wacha niseme mimi kabla hawajasema wasiojua.

Mume wetu Onyango alimtoa Kehancha. Alienda kununua ng'ombe, akarudi na ng'ombe na msichana. Kwao wanalima tumbaku, na vidole vyake vilikuwa na utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Mimi ndiye Mikayi, mke wa kwanza, niliyekuta boma hili likiwa kichaka. Kwetu mke wa kwanza ndiye anayefungua kila kitu. Mbegu haiingii shambani kabla yangu. Mahindi mapya hayaingii chungu cha mtu kabla ya changu. Jerusha aliyafuata hayo yote bila kunung'unika, na hilo pia liliniudhi, maana mtu akikataa unajua mahali pa kumshika.

Onyango alipokufa nilidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alianza na beseni la omena, akaiuza kwa watu wake wa Kuria ambao hawana ziwa. Beseni likawa gunia, gunia likawa magunia, na mwaka jana akaingia bomani na gari. Gari jeupe, kuukuu, lakini gari. Kwenye ufunguo inaning'inia rimoti ndogo nyeusi. Akibonyeza, gari linaitikia wiip wiip, na taa zinapepesa. Nilikuwa nasikia sauti hiyo nikiwa jikoni kwangu na ugali unashikana. Nimeita watu wengi katika maisha yangu, Onyango akiwa mmoja wao, na hakuna aliyewahi kuniitikia haraka hivyo.

Gari hilo halikupita kwangu. Lilienda moja kwa moja likasimama mlangoni pake. Jioni moja nilisimama mbele ya gari hilo, watu wakiwepo, nikasema, "Kitu kimeingia boma hili bila kupita kwa Mikayi. Tutaona kama kitakaa."

Nilisema, na nilikuwa na haki ya kusema.

Kesho yake asubuhi gari lilikuwa limejaa magunia ya kupeleka Homa Bay. Jerusha akabonyeza rimoti. Kimya. Akaisogeza karibu na kioo, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Kimya. Akaipigapiga kwenye kiganja kama redio. Mwisho akafungua mlango kwa ufunguo wenyewe, na hapo gari likaanza kulia kama mbuzi aliyenaswa kwenye waya. Injini nayo ikakataa kuwaka. Majirani wakatoka. Job, shemeji yetu, mdogo wa Onyango, akaziba masikio akapaza sauti.

"Mikayi! Si wewe ulisema jana? Sasa liambie linyamaze!"

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akamficha nyuma ya sketi, na hilo nililiona. Huku kwetu mwanamke akishasemwa ana jicho baya, haitwi tena kuona mtoto mchanga, na matangani chakula anachopika hakiliwi. Nilimtazama Jerusha, nikingoja aseme neno moja tu. Alikuwa ameinamia rimoti yake.

Job alichomoa waya wa betri, kelele ikakatika.

"Lete hiyo rimoti," nikamwambia Jerusha. "Tunaenda Homa Bay, mimi na wewe."

"Mikayi, wewe utaenda kufanya nini? Na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu. Fundi ataifungua nikiona kwa macho yangu, aseme kilichoiua. Kama ni mimi, aseme ni mimi."

Tukapanda matatu. Homa Bay kuna fundi anaitwa Ombati, anakaa nyuma ya meza ya kioo iliyojaa simu zilizokufa. Ni mtu wa mdomo.

"Rimoti ikinishinda mimi, mama, hiyo tuizike tu na wimbo," akasema. "Nani mwenyewe?"

"Huyu," nikasema. "Mimi ndiye nimeshtakiwa."

Alicheka sana, mimi sikucheka. Alikuwa na kidude chenye taa nyekundu. Rimoti nzima ukiibonyeza hapo karibu, taa inawaka. Alibonyeza ya Jerusha, hakuna. Akatoa betri, ile bapa kama kifungo cha koti, akaipima. "Betri hii ni mpya. Haina makosa."

"Niliiweka Migori," Jerusha akasema polepole. "Kwa mtu wa saa. Ilikuwa imeanza kusumbua, mpaka niikaribie gari ndio isikie."

Nikageuka kwenye stuli. "Ilianza lini?"

"Kitambo kidogo, Mikayi."

"Kabla sijasema maneno yangu?"

Akaangalia chini. "Kabla."

"Na ukanyamaza Job akinivua nguo mbele ya watu?"

"Kelele ilikuwa nyingi."

"Kelele ilinyamaza! Wewe ndio hukuongea!"

Watu wa duka la jirani walichungulia. Ombati akasema, "Wamama, piganeni baadaye, wacha nifungue mgonjwa." Akaingiza kisu chembamba ubavuni mwa rimoti, ikafunguka vipande viwili. Ndani palikuwa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Akachomoa kitu kwa ncha ya kibano, akakiinua kwenye mwanga. Kiligeuka kikametameta. Gamba la omena.

"Mama, hii rimoti umeivulia samaki?"

Basi ikajulikana. Jerusha hufunga ufunguo kwenye pindo la leso, kama vile sisi sote tunavyofunga pesa, halafu anaingia ziwani mpaka kiunoni kupokea omena kwenye mashua kabla wengine hawajachagua. Mwanamke ambaye zamani maji ya kisigino yalimtetemesha! Leso inalowa, ufunguo unalowa, anaianika juani pamoja na omena na kuivaa tena. Nilijua kwamba anawatangulia wote kwenye mashua. Kwa hiyo nilijua pia kwamba gari hilo alilipata kwa maji hayo, na kujua hivyo hakukunisaidia moyoni hata kidogo.

Ombati alisugua ule ukijani kwa spiriti na mswaki wa mtoto. Taa ikawaka kwa kitufe cha kufunga, lakini cha kufungua kikabaki bubu. Akasema kimekatika mguu chini. Akaking'oa, akatoa kingine kwenye rimoti mbovu, akakichomelea kwa risasi ya kuyeyusha, moshi ukapanda. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka vizuri.

"Ila sikieni. Imekaa hapa bila betri, gari inaweza kuwa imeisahau. Ikikataa, fungueni mlango na ufunguo, iache ipige kelele. Washa swichi bila kuwasha injini. Chini ya usukani kuna kitufe kidogo, kishikilie, halafu bonyeza rimoti mpaka inyamaze."

Jerusha aliitikia tu. Mimi nilirudia maneno hayo njia nzima kama mstari wa Biblia, kwa sababu jina lililokuwa hatarini halikuwa lake.

Tulipofika watu walikuwa wanangoja, hata ambao hawakuwepo asubuhi. Job akarudisha waya wa betri. Jerusha akabonyeza. Kimya.

"Iyo!" Job akasema. "Mpaka fundi wa Homa Bay ameshindwa!" Na macho yote yakaja kwangu.

"Fungua na ufunguo," nikamwambia Jerusha. Gari likapiga yowe. "Swichi, si injini! Sasa mkono chini ya usukani. Shikilia. Bonyeza!"

Likanyamaza, likaitikia wiip wiip.

"Sasa ongea," nikasema. "Au niongee mimi?"

Jerusha alishuka, akasimama mbele yao wote, leso mkononi. Akasema rimoti iliharibika kabla Mikayi hajafungua mdomo, kwamba ni yeye aliyeitia maji, na kwamba alinyamaza na haikuwa vizuri. Akapiga magoti palepale kwenye mchanga. "Mikayi, nisamehe."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Yule mama wa asubuhi akamwachilia mtoto wake, akaja kunisalimia, nami nikampa mkono. Hiyo nilikuwa nimeitaka, na nikaipata. Halafu akamwinua Jerusha, akampangusa mchanga magotini, akisema, "Huyu ana moyo, jamani. Ni wangapi wanaweza kupiga magoti hivi?" Na wengine wote, Job akiwa mbele, wakaitikia kwamba kweli, ana moyo, hakuna mwingine kama yeye.

Mimi niliyemvuta mpaka Homa Bay ili aseme nilibaki nimesimama kando ya gari peke yangu. Nikamwambia aondoke, magunia yanangojewa.