Kichekesho Kilichopindua Kivuko

Mama Mizani aliuza unga sokoni, na jina hilo alipewa na wateja, maana namna alivyopima ilikuwa tamasha. Alifumba jicho moja, akabana pumzi, akadondosha unga kwa ncha za vidole kama anayemtilia mgonjwa dawa ya macho. Hakuna aliyewahi kuzidishiwa hata vumbi. Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Akirudi nyumbani alikula, akasema ahsante, akageukia ukutani. Mama Mizani alizoea kulalamika kwamba mwanamume yule hajui hata mkewe ana macho mangapi.

Kisha kivuko kikapinduka. Kilikuwa kile cha kuvutwa kwa kamba, na siku hiyo hapakuwa na upepo wala mawimbi. Ilisemekana fundi magodoro mmoja wa hapo mjini, enzi hizo kijana mwenye mdomo usio na breki, alikuwa upande wa kulia akivunja watu mbavu. Wa kushoto wakaona wanapunjwa, wakahamia kulia wote kwa mpigo, kivuko kikawamwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Abiria wakajikuta wamesimama, maji kiunoni, bado wanacheka. Bwana mmoja aliokoa jogoo wake akamsahau mama mkwe. Aliyezama ni mmoja tu, fundi viatu, aliyeangukia penye kina.

Walionusurika walisema marehemu alikufa akicheka. Wakiulizwa alicheka nini, kila mmoja alikumbuka ana haraka. Jirani yake Mama Mizani, mshona nguo, ndiye aliyemtilia chumvi kwenye kidonda: "Dada, mwanamume asiyecheka nyumbani halafu anachekea mtoni, ujue ana mtu ng'ambo."

Neno hilo likamkaa kooni miaka na miaka. Fundi magodoro naye, kila alipomwona Mama Mizani, alikata kona. Siku moja, kwa kukosa kona, alijitumbukiza ndani ya godoro lisilojazwa, na Mama Mizani akapita juu yake bila habari.

Nywele zilipokwisha kuwa nyeupe zote, Mama Mizani akaona hapana, hafi na swali hili. Akajitwisha godoro lake hadi karakana ya fundi, akalitua mlangoni, akalikalia.

"Shikamoo mama," fundi akasema, akitafuta dirisha kwa macho.

"Marahaba. Godoro ni zima. Mume wangu alicheka nini?"

"Mama, hayo ya zamani."

"Zamani sana. Hata wewe ulikuwa na meno."

Mke wa fundi, aliyekuwa akishona kitambaa cha godoro kwa cherehani, akadakia: "Mwambie bwana. Hata mimi hajaniambia, mama, na ninalala naye kitanda kimoja."

"Alikuwa na mwanamke ng'ambo?"

"Yule?" Fundi akasahau woga. "Yule mbwa akimbwekea, yeye ndiye aliyeomba radhi."

"Basi sema."

Fundi akatazama mlango. Umekaliwa. Akashika pamba konzi moja, akafumba jicho, akabana pumzi, akaanza kudondosha nyuzi moja moja. Mama Mizani alimtazama uso mkavu.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na yeye akacheka?"

"Mwanzo hakucheka. Alisema nimekosea. Akapanda juu ya benchi, yule yule bubu wetu, akatuonyesha mwenyewe. Kwamba kabla ya kufumba jicho unalamba mdomo wa juu. Na ukimaliza unaipiga mizani kikofi kidogo, kama unamsifu mtoto. Sisi wateja wa kila siku hatukuwahi kuyaona hayo. Halafu akaanza kujicheka mwenyewe, na ndipo watu wakahama upande. Sasa ningekwambia nini msibani, kwamba marehemu ndiye aliyetupindua?"

Mama Mizani aliwaza sana, na katika kuwaza akalamba mdomo wa juu. Mke wa fundi akainama haraka nyuma ya cherehani.

"Aliyajuaje?"

"Si alikuwa anakutazama, mama."

"Mjinga yule," Mama Mizani akasema taratibu. "Kumbe ananitazama na hasemi."

Mabega yakaanza kumtikisika, godoro nalo likatikisika chini yake, na mke wa fundi akaacha kujificha.

"Hebu panda juu ya kitu," Mama Mizani akamwambia fundi, akifuta machozi kwa kiganja. "Nionyeshe hapo kwenye kikofi."