Farasi Mia Nne wa Mzee Kanubhai

Saa mbili asubuhi, gereji moja kando ya Naivasha Road, Riruta, inatetemeka. Gari jekundu la Kiitaliano limefungwa kwa mikanda. Magurudumu yake ya nyuma yanazungusha rola za chuma kwa kasi ya kutisha, na gari lenyewe halisogei hata inchi. Nadira Mbarak ameziba masikio, macho kwenye skrini.

Kazi yake ni kupima nguvu za injini, zinazohesabiwa kwa farasi, na kwa kweli ni kazi ya kusutana na watu wazima. Mwenye gari la kifahari huja na namba aliyoisoma mtandaoni, kaishikilia kama hirizi. Rola zinasema nyingine.

"Mtu anasema gari yake iko na farasi mia tano. Nikimpa mia tatu na kitu, ananinunia mimi!" anasema akicheka. "Kiwanda kilipima injini peke yake, kwa hewa ya pwani. Hapa Nairobi tuko juu, hewa ni nyepesi, injini inahema. Halafu gia nazo zinakula zake."

Mashine ina kitufe cha kuongeza kile kilichopunguzwa na mwinuko. Wapo mafundi wanaokibonyeza kimyakimya, mteja akaenda zake roho kwatu. Nadira hakigusi. Ndiyo maana kuna wiki anapima magari mawili tu, kwa shilingi elfu nane kila moja.

Ukaidi huo aliupata Kirinyaga Road. Alifika pale akiwa na miaka kumi na tisa, binti wa mwalimu wa madrasa kutoka Mombasa, kuandika risiti katika gereji ya Kanubhai. Mwaka haukuisha, grisi ilikuwa imempanda hadi viwikoni.

"Baba alinuna mwezi mzima. Kanubhai akamwendea mwenyewe, wakanywa kahawa, yakaisha."

Ah, siku zile! Saa nne chai ilinywewa kwenye visahani juu ya boneti, fundi mmoja akisoma kwa sauti kijitabu cha gari jipya. Wengine walibisha kila namba, na aliyeshindwa alinunua mandazi ya kesho. Leo pale wanauza vifuniko vya simu. Nadira hukwepa kupita njia hiyo, maana machozi humlengalenga.

Gari jekundu la leo ni la Kanubhai huyo huyo. Alilinunua likiwa gofu la ajali, akalifufua kwa miaka kumi na moja. Sasa ana miaka themanini na mitatu, anaishi mtaa wa Jamhuri, moyo unamsumbua. Anataka kujua jambo moja kabla hajafumba macho: je, aliwarudisha farasi wote mia nne waliotajwa na kiwanda?

Kabla ya kipimo, mkewe Manjula alimvuta Nadira kando. "Bonyeza tu hiyo kitu, mwanangu. Mzee afurahi."

"Siwezi, Mama. Nisamehe."

Rola zinasimama. Kanubhai, aliyeketi kwenye kiti kando ya gari, anainua kidevu. "Sema."

"Mia mbili themanini na moja, Mzee."

Mzee anageukia gari lake. Nadira anachuchumaa mbele yake. "Roho iliniuma, wallahi," atasema baadaye. "Nilitamani kidole kiende chenyewe."

Anamweleza polepole: ukihesabu hewa na gia, mia nne inakaribia. Lakini hesabu si kipimo. Mwezi ujao atalipakia gari kwenye lori hadi Mombasa, ambako binamu yake Jabir ana rola karibu na bahari. Huko gia zitakula kama farasi sitini, hewa haitakula kitu. Wakifika mia tatu na arobaini, basi wote wamerudi.

"Nami nakwenda," anasema Kanubhai. "Kwa treni."

Manjula anashika kiuno. "Na huko pia wakipungua? Utamwambia mgonjwa?"

"Nitamwambia, Mama," anajibu Nadira.

Kanubhai anamshika mkono. "Mwache, Manjula. Miaka yote hii watu wananisifu tu. Huyu akisema wametimia, mimi nitalala."